Jina la Ekai Kisimani

Lodwar, Februari 2013

Mama yangu mpendwa,

Yoga, Mama, nakusalimu kwa lugha yetu. Huku Turkana watu wakikutana husema "ejok", yaani kwema, na kila nikilisikia neno hilo nakuona umesimama mlangoni, maana ungewajibu bila kufundishwa. Ni neno letu pia. Goti lako linasemaje? Na yule ng'ombe mwekundu, bado anagoma kukamuliwa na mtu asiyemwimbia? Mimi mwili ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini huku kila mtu amekonda, kwa hiyo hakuna anayeniuliza.

Nimetoka Kakuma kuja Lodwar kusafisha kaburi la mume wangu Ekai. Upepo ulikuwa umelirundikia mchanga hadi kwenye mikono ya msalaba. Nimeuzoa kwa sahani. Sasa nimeketi kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa, naandika nikiwa nimeweka karatasi juu ya ile sahani, na dereva wa basi la Kitale amekubali kuichukua barua hii.

Utajiuliza kwa nini sikupiga simu. Mama, simu yako anaishika Omuse. Nikisema neno, analijibu yeye kabla halijakufikia. "Mama anasema ni sawa," ananiambia, nami nakusikia kwa mbali ukiuliza, "Amesemaje?" Barua haikatizwi hivyo. Najua kwamba atakayekusomea ni yeye vilevile. Ningeweza kumwomba katekista, lakini sikutaka. Nataka maneno haya uyasikie kwa sauti ya mwanao.

Kaka Omuse, nakusalimu. Soma polepole, usiruke. Mama hajui kusoma, lakini tangu tukiwa wadogo alikuwa akitambua ukiruka kipande cha sala ili uwahi kwenda kucheza.

Mama, unakumbuka mwaka jana Omuse alikueleza kwamba amepeleka kompyuta za msaada Kakuma, kwenye shule ninayopikia. Ni kweli, lori lilifika. Lilifika mchana wa jua kali, na kila mashine ilikuwa imebandikwa stika nyeupe yenye maandishi ya bluu: "Ukumbusho wa Mwalimu Ekai." Watoto waliimba. Mwalimu mkuu alinisimamisha mbele ya watu na aproni yangu ya masizi, akasema, "Huyu ndiye mjane." Nililia. Nilidhani kaka yangu, ambaye hakuja kumzika mume wangu, ametafuta namna yake ya kumlilia. Siku ya mazishi alisema barabara ya Kainuk, ya kuja huku, ina risasi. Siku ya lori barabara ileile haikuwa na risasi. Wakati ule sikulisema hilo. Nalisema leo.

Kaka, endelea.

Kesho yake shule ilimwita fundi. Ni Mkongo kutoka kambini, anaitwa Baba Furaha, hutengeneza redio na simu kwenye kibanda karibu na barabara ya kuingia kambini. Alifungua mashine ya kwanza, akafungua ya pili. Nyingine zilikuwa tumbo tupu, zimenyofolewa vya ndani vyote. Skrini zilikuwa zile za zamani zenye mgongo mkubwa, vioo vimepasuka. Akaweka bisibisi chini, akajifuta mikono kama mtu anayetoka makaburini.

"Mama Mwalimu," aliniambia, kwa maana huniita hivyo kwa heshima ya Ekai, "ile bitu bilikufaka kwabo. Balitutumia maiti." Yaani vitu hivyo vilikufa huko huko kwao.

"Hata moja haiponi?"

"Moja itawaka. Itawaka ya kusema kwaheri."

Kweli iliwaka. Skrini ilikuwa ya bluu, watoto wakapiga makofi, kisha moshi ukatoka nyuma na harufu kama ya kwato zinazoungua. Darasa la tatu lote likakimbilia uwanjani.

Nilimwomba mwalimu mkuu vitu hivi virudishwe.

"Priska, msaada haurudishwi," alisema. "Wafadhili wakisikia watatuita watu wasio na shukrani."

"Mfadhili ni kaka yangu."

"Basi hiyo ndiyo mbaya zaidi."

Vilikaa katika chumba cha darasa la tatu, na watoto wakasomea nje. Ilipofika likizo ya Agosti mwalimu mkuu akachoka kuviona. Akawaita vijana wenye mkokoteni, wakavitupa kwenye laga. Laga, Mama, ni mto wa mchanga. Mwaka karibu wote ni mkavu, mtu anaupita kwa miguu na viatu vyake.

Nilimwambia, "Mwalimu, ule ni mto."

"Mto upi? Huo? Hata mbuzi ukimwuliza atakwambia ni barabara."

Vijana walicheka. Simlaumu sana. Yeye ametoka kwenye milima ya mvua kama sisi, na kwetu mto ni maji unayoyaona. Huku mto ni maji usiyoyaona. Yako chini ya mchanga, na wenyeji wanajua yako kwenye kona gani.

Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuja mara moja. Walivunja vioo, wakazikusanya waya, wakazichomea palepale ili plastiki iyeyuke ibaki shaba. Moshi ulikuwa mweusi na mzito, ulitambaa chini badala ya kupanda. Nilifunga mlango wa jikoni, lakini ugali ulinuka vilevile na watoto walikula wakikohoa. Wakachukua shaba yao, wakaacha yaliyobaki. Mwezi wa Novemba mvua ilinyesha mbali huko milimani, laga ikajaa ukingo kwa ukingo, na ilipokauka mchanga ulikuwa mweupe, laini, hauna hata kipande juu. Mwalimu mkuu akaniambia, "Umeona? Mungu mwenyewe amefagia."

Mama, sasa nikueleze jambo ambalo hata mimi nilijifunza baada ya kuolewa. Kiangazi kikikaza, kila ukoo huchimba kisima kwenye mchanga wa laga, mahali palepale walipochimba babu zao. Mafuriko hufukia, wao huchimba tena. Hakuna ukuta wala hati, lakini kila mtu anajua hiki ni cha nani, na mgeni hateki bila kuomba. Kisima cha ukoo wa mume wangu kinaitwa kwa jina la aliyekichimba kwanza, babu yake Ekai. Naye aliitwa Ekai. Ndiye aliyempa mume wangu jina.

Januari tulikwenda kuchimba. Mama mkwe wangu ndiye aliyeshuka shimoni. Sisi humwita Ata, kama wanavyomwita bibi huku. Yeye ni mzee lakini mikono yake haijazeeka, na anaujua mchanga ule kama wewe unavyoujua unga. Alichimba kwa bakuli hadi kiunoni, hadi mabegani, kisha nikamsikia anavuta pumzi. Kioo kilikuwa kimemkata kiganja. Alipofika kwenye maji, yalikuwa na ngozi juu yake, yenye rangi nyingi kama mafuta yaliyomwagika chini ya lori. Mbuzi walisogezwa, wakanusa, wakarudi nyuma. Mbuzi wa huku, Mama! Wanaokula maboksi.

Ata akavuta kitu kutoka mchangani, akanipitishia juu. Lilikuwa gamba la skrini, na stika bado imeshika, nyeupe kama siku ile.

"Imeandikwa nini?" akaniuliza.

Sikutaka kujibu. Akauliza tena, mkono wake unatoka damu. Nikamwambia, "Imeandikwa jina la Ekai."

Halafu akasema, si kwa hasira, kama mtu anayeuliza njia, "Mwanangu amekufa. Ni nani anayemtuma kutupa taka kwenye kisima cha babu yake?"

Mama, nimelala na swali hilo kila siku tangu wakati ule.

Habari zilienea. Vijana wa mjini walisema ni watu wa kambini, kwa sababu walimwona Baba Furaha akizishika zile mashine. Walikwenda kibandani kwake na mawe. Nilikuwa natoka sokoni, nikasikia bati linavyolia.

"Emoit!" walikuwa wakipiga kelele, na neno hilo huku maana yake ni mgeni, na ni adui pia. "Mnakula cha bure na sasa mnatutilia sumu!"

Baba Furaha alikuwa amejikunja chini ya meza, amekumbatia redio ya mtu. "Mi nilifungua tu!" alisema. "Munganga akipima maiti, ni yeye aliyemuua?" Munganga kwao ni daktari.

Nilikwenda nikasimama mbele ya meza. Unajua mimi si mtu wa kupiga kelele. Nilisema, "Mwacheni. Vile vitu vilitoka kwetu. Ni vya kaka yangu."

Mawe yalikoma, lakini jinsi walivyonitazama ilikuwa mbaya kuliko mawe. Kijana mmoja, wa ukoo wetu kabisa, ambaye Ekai alimfundisha kusoma, akasema, "Kumbe ni shemeji! Walichukua ng'ombe wetu wa mahari, sasa wanarudisha shukrani kwa lori."

Watu walicheka. Nami ningecheka kama aibu ile ingekuwa ya mwingine.

Kaka, umefika hapo? Meza mate, usome.

Wazee walikaa. Hawakutaka fedha. Walisema kisima kimefungwa, na aliyekichafua atakuja mwenyewe, atashuka, ataondoa ule mchanga kwa mikono yake, na atachinja mbuzi pale mdomoni mwa shimo, ale pamoja na wenye kisima. Ndivyo kosa la kisima linavyotengenezwa. Mwalimu mkuu ameshasema atashuka shimoni, na ameshamnunua mbuzi wake, maana ni mtu wa maneno mengi lakini si mtu mbaya. Anayesubiriwa ni yule aliyetuma. Mpaka aje, mimi dada yake siruhusiwi kuteka kwenye kisima chochote cha ukoo.

Kwa hiyo nateka maji kwenye bomba la upande wa kambini. Huko nako wanawake wananiambia, "Hata wewe mwenye nchi unakuja kupanga foleni na sisi?" Upande mmoja mimi ni emoit, upande wa pili mimi ni mwenye nchi. Ata hajanifukuza. Tunalala nyumba moja, tunakula sufuria moja. Lakini akitaka maji ya kunywa anamwita mtoto wa jirani ampe. Hanitumi mimi. Kiganja chake kimepona vibaya, kidole kimoja hakikunjiki, na hajawahi kunionyesha. Mimi ndiye ninayekiona.

Siku moja pale bombani alikuja mama mmoja wa Ulaya, wa shirika linaloshughulikia maji. Nilikuwa nimelibeba lile gamba la skrini, kwa sababu nilitaka mtu yeyote aniambie maji yale yatakaa mabaya kwa muda gani. Aliligeuza, akaona nyuma kuna karatasi nyingine ndogo, ya lugha ya kwao. Uso ulimbadilika. Karani wake alinitafsiria. Alisema kwao mtu akinunua mashine, ndani ya bei ameshalipa na gharama ya kuizika. Ikifa anairudisha dukani, na kuna viwanda vya kuichambua, wafanyakazi wana glavu na vitambaa vya pua, shaba peke yake, kioo peke yake, sumu imefungiwa. Alisema Japani mwenye friji iliyokufa hulipa ndipo ichukuliwe. Lakini wapo wafanyabiashara, alisema, ambao huona kuzika ni kazi ya gharama, wakaandika kwenye kontena kwamba maiti ni mzima, anakwenda kusaidia maskini.

Nikamwuliza, "Wanapokea hela ya maziko, halafu maiti wanatutupia sisi?"

Karani alisita kutafsiri. Yule mama akasema ndiyo. Kuhusu maji hakujua. Alichukua kidogo kwenye chupa, akasema yatapimwa. Bado nasubiri.

Ni Baba Furaha aliyenieleza sehemu iliyobaki. Mzigo ule ulikuwa unakwenda Uganda. Uganda walikataza vyombo vya umeme vilivyotumika, kwa hiyo pale Malaba, mpakani, ukakwama. Na nani yuko Malaba, kazi yake kupitisha mizigo iliyokwama, kama si Omuse? Uganda walikataa. Kenya bado tunaandika sheria. Kakuma hatukuulizwa.

Mama, hapa ndipo nilipokuwa nikikuleta. Wiki iliyopita Omuse alinipigia. Hakuuliza habari za kisima, ingawa nilimtumia ujumbe. Alisema kuna lori la pili. Alisema linahitaji sahihi ya mjane, kwamba Ukumbusho wa Mwalimu Ekai wamepokea, basi.

"Sista, ni kusaini tu," alisema.

"Kaka, zile za kwanza zilikuwa zimekufa."

"Watoto wa huko wanajua tofauti? Huko hata iliyokufa ni maendeleo."

Nilimwambia maneno hayo asiyarudie, akayarudia. Kisha akasema niharakishe, kwa sababu masanduku yapo nyumbani kwako, Mama, kando ya kaburi la Baba, chini ya turubai, na mvua ikianza yataharibika. Nilicheka, Mama. Yataharibika!

Sitasaini. Omuse, nimeliandika neno hilo wazi ili ulisome wazi: sitasaini. Ulichukua jina la mtu ambaye hukumzika, ukalibandika kwenye uchafu ambao watu wengine walikuwa wamelipwa kuuzika. Mimi si msomi, sina maneno makubwa ya kukuita. Nitakuita kaka yangu, ili ujue ni nani ninayemwambia.

Mama, boma ni lako. Yeye anategemea ile "sawa" yako, ambayo mimi siamini kwamba umewahi kuitamka. Mwambie ayaondoe yale masanduku. Asiyapeleke mtoni, wala bondeni kwenye chemchemi, wala asiwape watoto wachome. Baba Furaha anasema yakae juu ya mbao, pakavu, mbali na nafaka, mpaka yarudi pale mpakani kwa mwenye mzigo. Kama Omuse anasema hayana madhara, basi ayaweke nyumbani kwake, kando ya kisima chake. Na aje. Nauli anayo. Aje na mbuzi, ashuke, achote ule mchanga. Ata hana haja ya maelezo yake. Anataka kuiona mikono yake.

Nikuambie kitu kimoja cha Ekai, halafu nifunge. Tulipooana tuliishi hapa Lodwar, na shuleni kwake madaftari yalikuwa machache. Alikuwa akiwapeleka watoto wadogo mtoni, kila mmoja anaandika jina lake mchangani kwa kidole. Alipita akisoma, anamsifu huyu, anamrekebisha yule. Mwisho wa somo aliwaambia wafute kwa kiganja. Mtoto mmoja alilia, hakutaka jina lake lifutwe. Ekai alichuchumaa akamwambia, "Mto si wetu kuuandika tukaondoka. Kesho unalo tena." Alirudi nyumbani na mchanga kwenye mikunjo ya suruali, nami nilikuwa nakung'uta mlangoni nikimgombeza. Ningeipata suruali ile leo nisingeikung'uta.

Kwa hiyo, tangu wazee waamue, nikitoka jikoni nimekuwa nikishuka kwenye laga na kisu cha kumenyea viazi. Kuteka sikuruhusiwa, lakini hakuna aliyenikataza kuokota. Nimechimbua kila gamba ninaloliona na kubandua jina la mume wangu. Wanawake walinitazama siku nyingi. Juzi Ata alikuja, akakaa ukingoni, akanishikia mfuko.

Nisalimie shangazi anayeuza samaki Malaba, mwambie kitenge alichonipa ndicho nilichovaa leo. Nisalimie mke wa Omuse, hana kosa lolote, na watoto wake wasicheze chini ya lile turubai. Nisalimie katekista na jirani yako wa ng'ambo ya kijito. Lipitie kaburi la Baba kwa ajili yangu.

Ndani ya bahasha hii nimetia stika moja, ile aliyoitoa Ata. Doa la kahawia pembeni ni lake. Hii ndiyo sahihi ninayompa Omuse. Kaka, mpe Mama mkononi, usiitie mfukoni.

Na wewe Mama, ishike, uipapase, halafu mwulize kama nilivyoulizwa mimi: imeandikwa nini?

Ni mimi binti yako,
Priska